Kijana mwenye AS, damu kwenye mkojo na jeni iliyokatika: uchambuzi wa kisa kimoja Mombasa

Mgonjwa ni kijana wa miaka 23, mkaazi wa Likoni, anayepakia na kupakua mizigo kwa kibarua. Amekulia Kinango, kaunti ya Kwale, ambako watoto huogelea kwenye mabwawa ya maji ya mvua. Lalamiko lake ni moja: siku ya nne sasa mkojo wake una rangi ya turungi iliyokolea, na safari nyingine hutoka mwekundu kabisa pamoja na mabonge madogo ya damu. Hana homa. Hachomeki anapokojoa. Ila ubavu wa kulia unamvuta, na hilo yeye analihesabu kuwa ni la magunia.

Kisa kimetungwa kwa kufundishia, kutokana na namna ugonjwa huu unavyojitokeza. Si habari za mtu mmoja. Ugonjwa wenyewe ni saratani ya medula ya figo, yaani sehemu ya ndani ya figo. Ni adimu: haufiki hata 1 katika kila saratani 100 za figo. Lakini karibu kila anayeupata huwa amebeba jeni ya selimundu, kwa kawaida moja tu kati ya mbili, hali inayoandikwa AS kwenye kadi. Kinyume chake si kweli. Pwani ya Kenya zaidi ya mtoto 1 kati ya 10 huzaliwa na AS kwa sababu hali hiyo humkinga na malaria kali, na katika hao wote wanaokuja kupata saratani hii ni mmoja katika makumi ya maelfu. Kwa hivyo mwenye AS hana sababu ya kulala macho. Mwenye sababu ya kuamka ni mhudumu anayemwona kijana mwenye AS akikojoa damu.

Wiki tisa zilizopotea

Zahanati ya kwanza ilimpa praziquantel, dawa ya kichocho. Uzito wake ulikuwa kilo 62. Kwa miligramu 40 kwa kila kilo, alimeza vidonge vinne vya miligramu 600 kwa mkupuo. Kipimo kilikuwa sahihi. Kwa mtu aliyekulia Kinango kufikiria kichocho pia si kosa, kwani minyoo ya kichocho cha mkojo imezoea Kwale, Kilifi na Tana River. Kosa ni kwamba mkojo haukutazamwa.

Mkojo wa kutafuta kichocho hukusanywa kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, wakati ambao mayai hutoka kwa wingi. Mililita 10 husukumwa kwa bomba la sindano kupitia kichujio chenye matundu madogo, kisha kichujio hutazamwa kwa darubini kutafuta mayai yenye mwiba mkiani. Siku ya kwanza yakikosekana, hurudiwa siku mbili nyingine. Kuna na jambo la kuuliza kwa mdomo tu, bila gharama yoyote: damu inatoka wakati gani? Damu ya kichocho hutoka kwenye kibofu, na mara nyingi huonekana zaidi mwisho wa kukojoa. Damu ya figo huwa imeshachanganyika na mkojo tangu tone la kwanza hadi la mwisho. Mabonge yakiwa membamba na marefu kama mnyoo, yameumbika ndani ya mrija unaoshuka kutoka kwenye figo. Kijana huyu, alipokuja kuulizwa wiki ya tisa, alieleza yote mawili bila kusita: mwekundu mwanzo mpaka mwisho, na "vinyuzi" vya damu.

Siku ya tano baada ya vidonge mkojo ulisafika, akaambiwa amepona. Hapa ndipo dawa ilipogeuzwa kuwa kipimo. Uvimbe wa figo hutoa damu na kunyamaza wenyewe, siku kadhaa au wiki kadhaa, bila kusubiri dawa ya mtu. Kunyamaza kwa damu baada ya praziquantel hakuthibitishi kichocho, kama vile mvua kukatika baada ya adhana hakuthibitishi kwamba adhana ndiyo iliyoikata.

Wiki ya tatu damu ilirudi. Mkojo uliooteshwa haukuonyesha bakteria, lakini alipewa antibiotiki ya siku saba hata hivyo. Wiki ya sita kituo kingine kilifanya kipimo cha haraka cha selimundu kikatoka chanya, na kwenye daftari likaandikwa neno moja tu: "selimundu". Akapewa foliki asidi na maelezo kwamba damu ni ya ugonjwa huo.

Kipimo hicho cha haraka hutazama kama chembe nyekundu zinajikunja zikinyimwa oksijeni, au kama hemoglobini inaganda kwenye maji ya kemikali. Hujibu swali hili tu: je, kuna hemoglobini S? Hakisemi ni kiasi gani, kwa hivyo hakiwezi kutenganisha mbebaji na mgonjwa. Kinachotenganisha ni elektroforesi ya hemoglobini au mashine ya kuchuja hemoglobini. Yake, ilipokuja kufanywa, ilitoa HbA (hemoglobini ya kawaida) asilimia 58, HbS (ya selimundu) asilimia 38, na salio ni HbA2 na HbF, aina mbili ambazo kila mtu huwa nazo kidogo. Hiyo ni AS. Mgonjwa wa selimundu halisi, SS, ambaye hajaongezewa damu hana HbA kabisa.

Hata wangejua kuwa ni AS, bado kulikuwa na mtego. Ni kweli AS peke yake inaweza kutoa damu kwenye mkojo: ncha za ndani za figo hukosa damu ya kutosha, zikafa vipande vipande na kuvuja. Lakini damu ya namna hiyo hutoka figo ya kushoto katika takriban wagonjwa 4 kati ya 5, kwa sababu mshipa unaorudisha damu kutoka figo ya kushoto hupita katikati ya mishipa miwili mikubwa na hubanwa hapo. Saratani ya medula hufanya kinyume: zaidi ya asilimia 70 ya uvimbe huwa figo ya kulia, na wanaume huipata takriban maradufu ya wanawake. Kijana wa kiume, AS, maumivu ubavu wa kulia. Upande peke yake hautoshi kutoa jina la ugonjwa, ila unatosha kabisa kumpeleka mtu kwenye picha siku hiyohiyo.

Picha

Ultrasaundi ya wiki ya tisa ilisomwa "figo ya kulia imetanuka mifereji, huenda kuna jiwe". Msomaji hakuona uvimbe kwa sababu alikuwa akitafuta donge. Uvimbe wa figo uliozoeleka hukua kwenye gamba la nje na kutokeza kama embe lililoning'inia. Hata mwanafunzi huuona. Uvimbe wa medula huanzia katikati na kusambaa ndani kwa ndani, na figo hubaki na umbo lake la haragwe, kubwa kidogo tu. Kinachoonekana ni mifereji iliyotanuka kwa sababu njia imezibwa. Ukiona mifereji imetanuka na jiwe halionekani, usiandike "huenda jiwe", agiza CT, picha ya eksirei inayoonyesha mwili tabaka kwa tabaka.

CT ilionyesha uvimbe wa sentimita 6.8 katikati ya figo ya kulia, usio na mpaka unaoeleweka. Tezi za limfu pembeni mwa mshipa mkubwa zilifika sentimita 3.1, na mapafuni kulikuwa na vinundu vidogo, kikubwa chao milimita 9. Hiyo ni hatua ya nne. Wiki tisa hazikuisababisha zote, maana wengi mno wa wagonjwa hawa hufika ugonjwa ukiwa umeshasambaa, lakini hazikumsaidia.

Kwa nini hapo, kwa nini yeye

Tofauti kati ya HbA na HbS ni herufi moja ya DNA kwenye jeni ya HBB, mkono mfupi wa kromosomu 11: A imekuwa T, na protini ikapata valini mahali pa glutameti. Kwa mwenye AS chembe nyekundu hupita mwilini kote bila taabu, isipokuwa mahali pamoja. Medula ya figo ni jangwa lenye chumvi. Oksijeni huko ni kidogo kuliko karibu popote mwilini, na ukolezi wa maji yake unaweza kufika miliosmoli 1,200, takriban mara nne ya damu ya kawaida. Chumvi hiyo huivuta maji chembe nyekundu, HbS iliyomo hukolea, na chembe ambayo isingejikunja popote hujikunja hapo. Mishipa midogo huziba, oksijeni hupungua zaidi.

Seli za medula zinazoishi katika hali hiyo hupata mipasuko ya DNA, nyuzi zote mbili kwa pamoja. Mpasuko wa namna hiyo unaweza kuungwa kwa haraka kwa kubandika ncha yoyote na ncha iliyo karibu. Seli inapona, lakini huenda kipande cha kromosomu moja kimebandikwa kwenye nyingine, au kimedondoka. Kwa maelezo yanayokubalika zaidi hivi sasa, ndivyo jeni ya SMARCB1, iliyoko mkono mrefu wa kromosomu 22, inavyopotea. Jeni ya AS haikuwa saratani. Ilifanya mahali pamoja pawe pagumu kuishi, na DNA ikakatikia hapo.

SMARCB1 hutengeneza protini iitwayo INI1. DNA ndani ya seli imezungushwa kwenye mabonge ya protini kama uzi kwenye vibiringo, na jeni iliyofunikwa haisomeki. INI1 ni kipuri cha mtambo mkubwa unaosogeza vibiringo hivyo ili jeni zinazofaa zisomeke. Mtambo ukikosa kipuri hiki hupungukiwa nguvu, na mpinzani wake, EZH2, anayefunga jeni, anabaki bila wa kumzuia. Jeni zinazomfanya seli akomae na kutulia hufungwa. Wakati huohuo jeni ya MYC, ambayo ni amri ya kugawanyika, hupanda. Na katika uvimbe huu mara nyingi mkono mrefu wa kromosomu 8 wenye MYC umeongezwa nakala. Seli inanakili DNA yake kwa pupa na kujikwaa njiani. Tutarudi hapo kwenye tiba.

Tishu

Hakuna hatua iliyokaribia kuharibu kisa hiki kama kopo la fomalini, maji ya kuhifadhi tishu isioze.

Baiopsi, yaani kuchukua vipande vya uvimbe vya kupimwa, ilifanywa kwa sindano ya geji 18, ikielekezwa pembezoni mwa uvimbe, kwani katikati mara nyingi ni tishu iliyokufa. Vilitoka vipande vinne, kila kimoja kama sentimita 1.5, vyembamba kama tambi. Vipande viwili vya kwanza viliwekwa kwenye chachi yenye maji ya chumvi kusubiri fomalini iletwe, vikakaa zaidi ya saa tatu katika chumba chenye joto la nyuzi 31. Viwili vya mwisho vilitiwa moja kwa moja kwenye fomalini.

Fomalini inayofaa si ya kukadiria. Kwa lita moja: mililita 100 za fomaldehaidi ya asilimia 37 hadi 40, mililita 900 za maji yaliyokenekwa, gramu 4 za sodiamu fosfeti ya aina yenye hidrojeni mbili na gramu 6.5 za ile yenye hidrojeni moja. Chumvi hizo mbili ndizo zinazozuia uchachu. Fomalini isiyo nazo hugeuka asidi kadiri inavyokaa, hasa katika joto letu, huacha unga mweusi kwenye tishu na kuikatakata DNA. Ujazo uwe angalau mara 10 ya tishu, na muda usipungue saa 6 wala kuzidi 72. Kopo liwepo mezani kabla sindano haijaingia.

Bloku la kwanza, yaani vile vipande viwili vya kwanza vilivyogandishwa ndani ya nta ili vikatwe, lilionyesha seli kubwa za saratani zilizojipanga kama wavu, kamasi hapa na pale, nyuzi ngumu zimezizunguka, na neutrofili (aina ya chembe nyeupe za damu) nyingi kama vile pana usaha. Ripoti ikasema: saratani ya mifereji inayokusanya mkojo, ya daraja la juu. Si jina la kipuuzi; kwa darubini, bila rangi maalumu, hizo mbili hufanana. Jirani wengine wa kufikiria ni saratani inayoanzia kwenye utando wa njia ya mkojo, saratani ya figo iliyopoteza jeni ya FH, na aina adimu yenye jeni ya ALK iliyohama, ambayo nayo imeonekana kwa vijana wenye AS. Mpatholojia wa pili aliona kitu ambacho wa kwanza alikipita: ndani ya mishipa midogo, chembe nyekundu zilizochongoka pande mbili kama mundu. Akaomba rangi ya INI1.

Rangi hii hutumia kingamwili inayoshika protini ya INI1 na kuacha kahawia mahali ilipo. Kila seli yenye afya ina INI1 ndani ya kiini chake. Kwa hivyo kipimo hiki husomwa kinyumenyume: saratani ya medula ni ile ambayo viini vyake havikushika rangi. Na kipimo kinachosomwa kwa kutokuwepo kwa rangi kina hatari yake, kwamba rangi hukosekana pia pale kipimo kilipoharibika. Ulinzi ni mmoja. Katikati ya uvimbe huwa kuna limfosaiti (aina nyingine ya chembe nyeupe) na kuta za mishipa, seli za kawaida za mgonjwa mwenyewe. Hizo lazima ziwe kahawia.

Kwenye slaidi ya bloku la kwanza, kila kitu kilikuwa buluu. Seli za saratani buluu, limfosaiti buluu, kuta za mishipa buluu. Rasimu ya ripoti iliandikwa "INI1 imepotea". Jibu hilo lilikuja kuwa la kweli, lakini slaidi hiyo haikuwa na haki ya kulitoa. Protini zilikuwa zimeoza kwenye chachi kabla ya fomalini kuzishika. Rangi ilirudiwa kwenye vipande viwili vya mwisho, unene wa mikromita 4, na safari hii picha ilisimama: viini vya limfosaiti kahawia iliyokoza, mmojammoja, kama punje za kahawa zilizomwagwa kwenye shuka, na katikati yake visiwa vya seli kubwa za saratani, viini vyao vitupu, buluu hafifu. Ungeweza kuchora mpaka kwa kalamu.

Kwa mgonjwa huyu, kwa gharama ya rangi moja, swali lilikuwa limejibiwa. Jina lake katika uainishaji wa Shirika la Afya Duniani wa 2022 linataja jeni yenyewe: saratani ya medula ya figo yenye upungufu wa SMARCB1.

Ripoti ya jeni iliyosema hakuna kitu

Tishu ilikuwa imeshatumwa pia kusomwa DNA. Jibu lilikuja wiki tatu baadaye: hakuna mabadiliko yenye madhara yaliyoonekana kwenye SMARCB1. Familia ilisoma neno "hakuna" na kuuliza kama madaktari wamekosea ugonjwa.

Chukua doti ya kanga. Ni vipande viwili, na kila kimoja kina jina lake lililoandikwa, maneno yaleyale. Jeni pia huja kwa doti, kipande cha baba na kipande cha mama. Sasa tuma mtu akague kanga kwa kusoma herufi za jina tu. Kipande cha kwanza kimechanwa mahali pasipo na maandishi na kushonwa kwenye kanga nyingine kabisa. Herufi zote zipo na zote ni sahihi, ila nguo haivaliki tena. Kipande cha pili hakipo, kimepotea. Msomaji wa herufi atarudi na kusema: jina halina kosa. Hakudanganya. Hakuulizwa kama kanga imechanwa, wala kama ni moja au mbili.

Ndivyo SMARCB1 inavyopotea mara nyingi katika saratani hii. Nakala moja hukatwa na kuhamishiwa kromosomu nyingine, na mkato huangukia sehemu za jeni zisizobeba maelezo ya protini, ambazo kipimo cha kawaida hakizisomi. Nakala ya pili hufutwa pamoja na majirani zake. Usomaji wa herufi unaweza kugundua nakala iliyopungua, ikiwa sampuli ni seli za saratani kwa wingi. Hapa zilikuwa takriban asilimia 30 tu, na asilimia 70 iliyobaki, nyuzi na neutrofili, ilileta doti zake nzima na kuficha pengo.

Kipimo kinachojibu swali la kukatika ni FISH. Vipande viwili vya DNA vinavyong'aa, chekundu na cha kijani, hunatishwa huku na huku kando ya jeni. Jeni ikiwa nzima rangi mbili hukaa pamoja. Kiini cha kawaida kina jozi mbili. Katika viini vya saratani ya kijana huyu kulikuwa na nukta nyekundu upande mmoja, ya kijani mbali nayo, na jozi ya pili haikuwepo. Viini 100 vilihesabiwa. Hesabu hiyo ni muhimu, kwa sababu slaidi ya mikromita 4 hukata viini vingi katikati na nukta nyingine huishia kwenye slaidi ya jirani, hivyo kiini kimoja au viwili visivyo na jozi havithibitishi chochote.

Mpangilio unaofaa, hasa familia inapolipa mfukoni, ni huu: elektroforesi ya hemoglobini na rangi ya INI1 kwanza, FISH pale rangi inapobaki na shaka, na usomaji wa DNA baadaye kama una swali mahsusi. Ukisoma DNA, uliza maabara kabla ya kulipa: je, mnapima kufutika na kuhama kwa vipande, au herufi tu? Sampuli iwe na asilimia ngapi ya saratani?

Kwa nini haikutibiwa kama saratani nyingine za figo

Takriban robo tatu ya saratani za figo ni za seli angavu, na nyingi ya dawa za vidonge za saratani ya figo zilibuniwa kwa ajili yao. Huko hadithi ya jeni ni nyingine. Zaidi ya asilimia 90 ya uvimbe huo umepoteza mkono mfupi wa kromosomu 3, na upotevu huo mmoja huondoka na nakala za jeni nne kwa pamoja: VHL, PBRM1, BAP1 na SETD2. Kisha nakala ya pili ya VHL huharibika kwa kosa la herufi au kwa kufungwa. VHL ilitambuliwa mwaka 1993; protini yake hutambua protini zinazoitwa HIF na kuzipeleka kuharibiwa panapokuwa na oksijeni. Bila VHL, seli hudhani siku zote kwamba inakosa hewa na huita mishipa mipya ya damu. Kazi iliyofumbua jinsi seli zinavyohisi oksijeni ndiyo iliyowapa William Kaelin, Peter Ratcliffe na Gregg Semenza tuzo ya Nobel mwaka 2019. Vidonge vinavyoziba mishipa mipya hufanya kazi huko kwa sababu uvimbe huo unaitegemea mishipa hiyo. Na mwendo wake ni wa kobe: upotevu wa kromosomu 3 unaweza kutokea ujanani na uvimbe ukaonekana miongo kadhaa baadaye.

Saratani ya medula kwa kawaida haina VHL iliyoharibika, na vidonge hivyo peke yake haviisumbui. Kumwanzishia kijana huyu dawa ya "saratani ya figo" kwa jina la jumla kungekula miezi asiyokuwa nayo. Kukimbilia kuitoa figo kwanza nako kungemweka wodini na kidonda wakati vinundu vya mapafu vinakua.

Dawa za platini ndizo zinazoigusa saratani hii. Seli inayonakili DNA kwa pupa na kujikwaa haivumilii dawa inayozifunga nyuzi za DNA pamoja. Kijana alianzishiwa karboplatini na paklitakseli kila baada ya siku 21. Karboplatini ilichaguliwa badala ya sisplatini kwa kuwa figo moja ilikuwa njiani kutolewa na nyingine ilihitaji kulindwa. Kipimo chake hakifuati uzito bali uchujaji wa figo: lengo la AUC, yaani kiasi cha dawa ambacho mwili hukutana nacho kwa muda wote, huzidishwa na jumla ya uchujaji na 25. Uchujaji wake ulikuwa mililita 95 kwa dakika, lengo 5, basi 5 × 120 ni miligramu 600. Paklitakseli ni miligramu 175 kwa mita ya mraba; uzito sasa kilo 57 na urefu sentimita 172 vikatoa mita za mraba 1.65 za ngozi, yaani miligramu 289. Hesabu hurudiwa kila awamu. Akipungua kilo tano na karatasi ya zamani ikatumika, anapewa dawa ya mtu mwingine.

Baada ya awamu nne tezi ya sentimita 3.1 ilikuwa 1.3 na vinundu vya mapafu vilibaki viwili, havifiki milimita 4. Hapo ndipo figo ya kulia ilipotolewa pamoja na tezi, kisha awamu mbili zaidi. Mwezi wa 12 vinundu vipya vilionekana kwenye ini. Kwa saratani hii mwaka mmoja ni muda ambao wengi hawaufikishi, na kurudi kwake hakukuwa kosa la mtu. Alihamishiwa jemsitabini na doksorubisini.

Swali la mama

Mama yake aliuliza mapema sana, siku ya jibu la kwanza, kabla ya kuuliza kingine chochote:

"Daktari, nambie kweli. Nimempa mimi?"

"La, mama. Ulichompa wewe au babake ni AS, nayo ndiyo iliyomkinga na malaria alipokuwa mdogo. Jeni iliyokatika imekatikia ndani ya figo yake mwenyewe, ukubwani. Wewe huna, babake hana, na ndugu zake hawakuirithi."

"Na hao wadogo zake?"

Damu ya kijana, iliyopimwa SMARCB1 kando ya uvimbe, ilikuwa na nakala zote mbili nzima, kama inavyotarajiwa. Kwa hivyo ndugu hawahitaji kipimo cha jeni hiyo, wala CT ya kila mwaka ya kutafuta uvimbe ambao karibu hakika hawatakuwa nao. Wanachohitaji ni elektroforesi ya hemoglobini, mara moja tu maishani. Dada wa miaka 19 alitoka AS, mdogo wa miaka 15 alitoka AA. Dada anaposwa, na mchumba wake hajapimwa; wakiwa AS wote wawili, kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4 ya mtoto mwenye selimundu kamili, na hilo ndilo la kurithi katika nyumba hii linalostahili kikao cha wazee.

Kwenye kadi ya kliniki ya dada huyo, chini ya kundi la damu, paliandikwa kwa wino: "HbAS, HbS 37%. Si mgonjwa wa selimundu. Akikojoa damu, hata mara moja: ultrasaundi ya figo zote mbili wiki hiyohiyo, na CT kama mifereji imetanuka bila jiwe."

Bloku la pili la kaka yake, lile la vipande vilivyoingia kwenye fomalini bila kusubiri, limehifadhiwa maabara kwenye kabati kavu, mbali na jua, likiwa na tishu ya kutosha kukata slaidi nyingine kadhaa.